Supu ya Kitanda cha Sita

Kwa wale ambao wiki iliyopita mlikuta ukurasa huu wa gazeti umeshafungiwa vitunguu sokoni, nawarudishia kwa kifupi. Mimi ni nesi. Nilikuwa wodi ya wagonjwa wa ule ugonjwa, wakati ule ambapo dunia nzima ilijifungia ndani na sisi tukaachwa nje tuulinde mlango. Jumatano moja, saa nne na nusu asubuhi, mwanamume tuliyemwita Bwana Chupa aliingia wodini kwa mlango wa pembeni, akanipiga usoni na chupa ya chai ya chuma. Nilishonwa nyuzi saba juu ya jicho la kushoto.

"Alinipiga bila sababu." Ndivyo nilivyowaambia.

Mkaniandikia barua. Nashukuru. Wengine mlimlaani Bwana Chupa mpaka wajukuu ambao hajawapata. Msomaji mmoja alileta posa kabisa, akasema nyuzi saba si kitu, yeye anatazama moyo.

Haya bwana, leo nakuonyesha huo moyo. Ukimaliza kusoma, posa yako iko palepale ulipoiweka, njoo uichukue.

Baada ya kushonwa nikawa shujaa. Ushujaa ni kazi nyepesi sana, hauna hata zamu ya usiku. Mwenzangu wa wodini, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimi, alinipiga picha ganzi ikiwa bado haijaisha, mdomo umekaa upande, jicho limevimba. Kufika Alhamisi asubuhi picha hiyo ilikuwa juu ya mabango arobaini. Manesi walisimama getini mita moja moja, kila mmoja na sura yangu mkononi, na chini yake maandishi mekundu: SISI SI NGOMA.

Mkurugenzi wa hospitali, ambaye tangu ugonjwa uingie tulikuwa tunamwona kwenye simu tu, akashuka mwenyewe. Akasimama upande wa pili wa uwanja, akatuhutubia. Akanipa cheti, Shujaa Wetu wa Mwezi. Shujaa wa mwezi uliotangulia alikuwa dereva wa ambulensi. Cheti chake alikipokea mjane.

Halafu akatoa ahadi. Kuanzia Jumatatu, walinzi wawili mlangoni na wavu wa chuma dirishani.

Mnajua tuliomba walinzi tangu lini? Tangu nesi wa wodi ya watoto aliposukumwa kwenye ngazi akiwa ameshika drip. Tangu mwingine alipotemewa mate usoni na mtu aliyesema "kama huu ugonjwa upo kweli, na wewe uupate." Akaupata. Tuliandika barua sita. Kumbe hawakutaka barua, walitaka jicho linalopendeza kwenye picha.

Kwa hiyo nilikaa nyumbani siku tatu na cheti changu, napumzika. Kupumzika kwenyewe kulikuwa hivi: kifuniko cha sufuria kikigongana na sufuria, mimi niko chini ya meza. Mtu akibisha hodi, jasho. Mikono yangu ilianza kuishi maisha yake, sikuulizwa. Nilishindwa kufunga vifungo vya blauzi. Mimi, niliyekuwa naupata mshipa wa mtoto mchanga kwa sindano ya kwanza, kikombe cha chai nilikishika kwa mikono miwili na bado nusu inamwagika.

Hospitali ilinipatia mshauri nasaha kwa njia ya simu.

"Vuta pumzi," akasema. "Hesabu mpaka nne. Toa."

Nikavuta, nikahesabu, nikatoa.

"Unajisikiaje?"

"Najisikia mtu aliyetoa pumzi."

Akasema tumepiga hatua nzuri.

Jioni saa moja majirani walitoka vibarazani wakatupigia makofi sisi manesi, kama ilivyokuwa mtindo siku zile. Asubuhi yake walewale wakisikia natoka, walirudi ndani na kufunga milango mpaka nifike chini. Mume wangu naye alikuwa amehamia sebuleni na godoro lake. Alikuwa akinisemesha akiwa amesimama kwenye pazia.

"Sasa unaogopa nini, mke wangu? Yule mtu si yuko mahabusu?"

"Yeye simuogopi."

"Basi unaogopa nini?"

Nikamwambia naumwa kichwa. Siku hizo kichwa kiliniuma kila nilipoulizwa swali.

Jumamosi saa nne asubuhi, hodi. Nilipotoka chini ya meza nikafungua. Mwanamke amesimama ngazi tatu chini, barakoa ya kitambaa, kanga mabegani, macho mekundu.

"Sista, shikamoo."

Tulikuwa rika moja. Nikaipokea hivyohivyo, nikashangaa.

"Marahaba. Nikusaidie nini, dada?"

"Mimi ni mke wa yule aliyekupiga."

Nilirudi nyuma nikagonga mlango kwa mgongo. Yule mwanamke akainua mikono yote miwili akanionyesha viganja.

"Sina kitu, sista. Sikuja kwa shari. Picha yako iko kila mahali, nikamuuliza mwenye duka, akanionyesha jengo. Alikataa kunisindikiza tu."

"Unataka nini?"

"Mama mkwe wangu anazikwa leo saa nane mchana. Unajua wanavyozika sasa, watu wa afya wenyewe, na jamaa wawili tu. Mume wangu ni mtoto pekee. Hana kaka, hana dada, hana hata binamu mjini hapa."

"Mumeo alinipiga na chuma usoni."

"Najua. Amekosa." Hakusita hata kidogo. "Sikuja kumtetea. Mpelekeni mahakamani, afungwe, sawa. Lakini kwanza amzike mama yake."

"Hayo kamwambie polisi."

"Nimetoka huko. Afande ananiambia maelezo yako yanasema hukumwambia mume wangu neno lolote siku ile, alitokea tu akakuvamia. Mtu anayevamia watu bila sababu ni hatari, hapewi dhamana. Yeye kule ndani anasema ulimwambia mama yake ni mzima, anaendelea vizuri, naye alikuwa ameshakufa." Akakaza kanga mabegani. "Mmoja wenu anasema uongo, sista. Mimi sikuwepo. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe."

"Nitaangalia," nikasema, nikafunga mlango.

Jibu la kiofisi kabisa. Nilikuwa nimevaa gauni la kulalia.

Basi sasa kaeni vizuri niwaeleze nilichowaficha.

Siku zile jamaa hawakuruhusiwa kuingia wodini. Kila asubuhi saa nne walisimama uani, na nesi mmoja alikwenda kwenye dirisha dogo la stoo ya mashuka, lile lenye kikato cha kupitishia vitu, akawasomea hali za wagonjwa wao kutoka kwenye karatasi. Karatasi iliandikwa alfajiri na zamu ya usiku. Namba ya kitanda, na neno moja mbele yake: vizuri, wastani, mbaya. Hakukuwa na majina, ili kulinda siri za wagonjwa. Ndivyo walivyosema wakubwa, na ilisikika vizuri sana kikaoni.

Hakuna aliyetaka kusoma dirishani. Pale ndipo tulipotukanwa, tulipotupiwa viatu, na hata majivu. Tulikuwa tunapiga kura kwa vijiti vya kupimia koo. Mimi kura iliniangukia mara nyingi mno, mpaka nikaanza kuamini vijiti navyo vina ubaguzi.

Bwana Chupa alikuwa wa kwanza kwenye mstari kila siku. Mama yake alikuwa kitanda cha sita. Alileta chupa ya supu, anaipitisha dirishani, anachukua tupu ya jana. Kanuni ilisema chupa inaoshwa kwa dawa na kurudishwa, lakini chakula kikishaingia wodini hakitoki tena. Mgonjwa asipokula, kinamwagwa.

Siku mbili za kwanza mama alikunywa vijiko viwili vitatu. Siku ya tatu akawekewa ile barakoa kubwa ya oksijeni na hakumeza kitu tena. Nikaenda dirishani nikasema ukweli.

"Leo hajanywa, kaka."

Yule mwanamume akakaa chini. Palepale uani, kwenye saruji, miguu imenyooka mbele kama mtoto aliyenyimwa. Watu wakawa wanamruka kuja dirishani. Alikaa vile mpaka saa saba.

Siku ya nne akaniuliza tena. Nikaona ile saruji, nikaiona na ile miguu.

"Amekunywa," nikasema. "Yote."

Laiti mngeuona uso wake. Alinishukuru kana kwamba supu nimeipika mimi. Nikarudi wodini nikiwa mwepesi, nikijiambia mwanamke wewe una roho nzuri sana.

Na ile supu ilikuwa mezani, ya moto. Mgahawa wa hospitali ulikuwa umefungwa wiki ya tatu. Tulikuwa tunavaa yale mavazi ya kinga saa sita mfululizo, ukitoka humo hata ukuta unautazama kwa hamu. Redio akafungua kifuniko, akanusa.

"Tumwage hii?" akauliza. "Mungu hatatusamehe."

Tukainywa nyuma ya rafu za mashuka, yeye kwa kifuniko, mimi kwa kikombe cha dawa. Siku ya tano tukainywa, na ya sita. Mpaka siku ya tisa nilikuwa nikisikia saa nne inakaribia, mate yananijaa. Nilimtangazia mtu mama yake anakula vizuri, na alikuwa ananiangalia mimi ninayenenepa.

Sasa Jumatano. Alfajiri bomba la oksijeni la kitanda cha sita likaanza kuvuja, wakamhamishia mama kitanda cha kumi na moja. Kitanda cha sita akalazwa msichana ambaye hakuwa na hali mbaya. Saa mbili mama akafariki. Mimi nilikuwa chumba cha pili, sikujua. Karatasi ya dirishani ilikuwa imeshaandikwa: kitanda cha sita, vizuri.

Nikasoma. "Kitanda cha sita, anaendelea vizuri." Mdomo wangu, ambao ulishazoea ukarimu, ukaongeza wake: "Na supu ya jana amemaliza yote."

Bwana Chupa akatabasamu. Akanipa chupa ya siku hiyo, akachukua ile tupu. Alipofika getini, mtu wa mochwari alikuwa amesimama na orodha yake anamtafuta mtoto wa marehemu fulani aje atambue mwili.

Alirudi kwa mlango wa pembeni. Mlinzi tuliyekuwa naye, maana alikuwepo mmoja, alikuwa ameenda kunywa chai. Mengine mnayajua. Msichoyajua ni kwamba nilipokuwa nashonwa, Redio aliinywa ile supu ya Jumatano peke yake. Alisema alikuwa anatetemeka na alihitaji kitu cha moto.

Jioni ile Metroni, mkuu wetu wa manesi, alinishika mkono tukaandika maelezo polisi. "Fupi, mwanangu," akasema. "Ulikuwa kazini, akakuvamia." Nikaandika: sikumwambia lolote, alinivamia bila sababu. Nikatia sahihi.

Ndiyo hiyo karatasi niliyokuwa naiogopa.

Msinielewe vibaya. Hakuwa na haki ya kunipiga. Nilisema hivyo siku ile na nasema hivyo leo. Ningekuwa nimenywa supu ya ukoo wao mzima, bado hakuwa na haki ya kuninyanyulia mkono, na jicho hili mpaka sasa likipigwa na baridi linatoa machozi. Lakini mtu anamzika mama yake mara moja, na mimi nilikuwa nimekalia ufunguo.

Nikampigia Redio.

"Naenda polisi kubadilisha maelezo."

"Wewe una wazimu? Jumatatu wanaleta walinzi!"

"Mama yake anazikwa saa nane."

"Na wewe ulitaka uzikwe lini? Ile chupa ingeshuka vidole viwili, leo tungekuwa tunachangia sanda yako!"

"Nitasema la karatasi tu. Kwamba nilisoma kitanda cha sita bila kujua amehamishwa. La supu naliacha."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Redio alikatika matangazo.

"La supu usiliguse," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nakuomba, shoga yangu. Tutafukuzwa wote wawili. Na watu hawatasema manesi wawili, watasema manesi. Kila mwenye hasira atajipa ruhusa ya kupiga."

"Nimekwambia naliacha."

Kusema kweli nilikuwa nimeshapanga kuliacha kabla hajaniomba. Nilitaka kuwa mkweli kiasi, kama mtu anayejipima uzito akiwa ameshika ukuta.

Nilifika kituoni saa sita na nusu. Metroni alikuwa ameshatangulia, amekaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, barakoa mbili usoni. Redio alishawasha mitambo.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

"Mimi kazi hii nimeifanya miaka thelathini na moja. Nimepigwa mara nne. Mara ya pili nilivunjwa kidole hiki, ona hakikunji. Mara zote nne waliniuliza nilimfanya nini mgonjwa. Mara zote." Akanitazama. "Wewe ndiye wa kwanza ambaye hawakumuuliza. Usiende kuwapa jibu."

Nilitamani anitukane. Ningejua la kufanya.

"Mama," nikamwambia, "nilimwambia mama yake ni mzima."

"Ulisoma karatasi."

"Na nikaandika polisi kwamba sikusema kitu."

Metroni akafunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. "Basi sema la karatasi, la dirisha, ukome hapohapo. Nakaa pembeni yako."

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakujua la supu, na mimi sikuona sababu ya kumchosha mtu mzima.

Afande alikuwa nyuma ya meza yenye nailoni iliyoning'inizwa kutoka darini, kinga yetu sote. Barakoa ilikuwa kidevuni, inamlindia ndevu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta lile jalada.

"Kwa hiyo hukusema kweli mara ya kwanza."

"Sikusema yote."

"Sista, hapa hatuna kipimo cha yote na nusu. Ulimwambia mama yake ni mzima, ndiyo au hapana?"

"Nilisoma kar..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza, na kila ikikwaruza mabega yangu yalipanda. Nilikuwa nimeikalia mikono yangu ili isinitie aibu.

"Basi huyu si kichaa anayezurura," akasema. "Ni mtu aliyepewa habari za uongo za mama yake, akapandwa na hasira. Kupiga amepiga, kesi ipo palepale. Ila dhamana nitampa. Mkewe ameshaleta wadhamini."

Mke wa Bwana Chupa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikaa chini akajifunika uso kwa kanga. Metroni alipumua. Nami nilipumua, na safari hii bila kuhesabu. Niliona imekwisha. Ukweli nusu, kazi ipo, walinzi Jumatatu, mtu anamzika mama yake. Nilianza hata kujipenda upya.

Wakamleta.

Miguu yangu ilisukuma kiti nyuma kabla sijaiambia. Moyo ulipiga mpaka nyuzi saba nikazisikia moja moja. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Shati lilelile la Jumatano, kifungo kimoja hakipo. Aliponiona alisimama mbali, bila kuambiwa, akaweka mikono nyuma.

"Sista, nisamehe," akasema. "Sina cha kusema zaidi."

Sikumjibu. Sikuwa tayari, na sidhani kama nilidaiwa kuwa tayari.

"Tia sahihi hapa," Afande akamwambia. "Saa saba hii. Ukikimbia utawahi."

Bwana Chupa akaitazama ile karatasi.

"Siendi."

"Huendi wapi?"

"Kumzika. Aende mke wangu."

Mkewe akainuka. "Baba nanii, unasemaje? Nimezunguka siku tatu, nimepiga magoti kwa watu, leo unasema huendi?"

"Siwezi kumtupia mchanga." Alikuwa anaongea na sakafu. "Mtu hawezi kumuua mama yake halafu akasimama kaburini."

"Mama yako kauawa na ugonjwa!" Metroni akasema. "Mimi mwenyewe ninalo jalada lake."

"Mama alikuwa na presha," akasema. "Miaka kumi na moja. Daktari wa presha alituambia chumvi asiiguse, hata punje. Mimi ndiye niliyempikia miaka yote hiyo, na alikuwa ananinung'unikia kila siku, mwanangu unanilisha maji. Sikumpa." Akainua uso, akanitazama mimi. "Jumatatu sista aliniambia pale dirishani, mama ameomba kesho uongeze chumvi. Nikasema basi, mama yangu anaumwa, kaomba kitu kimoja. Nikamwekea. Vijiko vitatu. Jumanne akanywa yote, sista mwenyewe aliniambia. Jumatano akafa."

Afande aliweka kalamu chini.

Hili sikuwa nimemwambia Redio, wala Metroni, wala nyinyi dakika tano zilizopita nilipowaapia kwamba nawaeleza nilichowaficha. Lilikuwa dogo mno, nilishalisahau. Supu ya Jumapili ilikuwa imepooza. Mimi na Redio tuliilalamikia nyuma ya mashuka kama wateja wa hoteli. Jumatatu nikapeleka oda dirishani. Chumvi niliiomba mimi.

Na supu ya Jumanne ilikuwa kali. Nakumbuka Redio alisema, "Huyu sasa amezidisha."

"Kaka," nikasema, na sauti ikatoka ya mtu mwingine, "chumvi haiui hivyo. Ugonjwa ule, mapafu..."

"Vijiko vitatu, sista. Kwa mtu wa presha."

"Hata vitatu..."

"Unanifariji tu. Ulikuwa unanifariji siku zote, najua una roho nzuri." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, mikono ilikuwa bado nyuma. "Nilikupiga na bado umekuja kunitoa. Basi wewe ndiye wa kuniambia, sitamuuliza mwingine."

Saa ya ukutani ilikuwa saba na dakika kumi. Mkewe alikuwa ameshika mkono wa shati lake anamvuta, naye hasogei. Metroni alikuwa amenigeukia polepole, na nikaona kwenye macho yake kwamba miaka thelathini na moja ya wodini imeanza kufanya hesabu: mgonjwa wa barakoa ya oksijeni, asiyemeza, ameomba chumvi vipi?

Afande akachukua kalamu, akarudi juu ya ukurasa.

"Chumvi gani hiyo, sista? Hilo halimo humu."

Metroni akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Niambie tu," Bwana Chupa akasema. "Nimemuua mimi?"